Gitaa ya zamani ao gitaa mpya? Bosco hakurekodi na umri

Ndugu wahitimu, na ninyi wadogo wetu ambao mungali kwenye masomo, leo siandiki juu ya kutafuta kazi wala juu ya memuare. Ninaandika juu ya gitaa. Mwenye hapendi muziki apite tu, hatutakasirika.

Tuko watatu tuliomaliza mwaka mmoja. Tuna nyimbo sita za gitaa kavu, za Kiswahili cha kwetu, na dola 150 tulizochanga kidogo kidogo kwa miezi saba. Studio tunayo: chumba cha kijana mmoja wa Kimanga, laptopu, mikrofoni moja nzuri, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani. Kitu tulikosa ni gitaa ya kurekodia, sababu ile tuliyokuwa tunaazima mwenyewe alihama nayo. Njo pale ugomvi ulianza. Mmoja wetu alisema tununue gitaa ya mjomba wangu, aliyoinunua Kalemie mwaka wa 1968, maana "gitaa ya zamani njo iko na sauti ya Bosco". Mwingine akasema apana, tuvuke Kavimvira, tukatafute mpya Bujumbura.

Mimi nilikuwa upande wa gitaa ya mjomba, nakiri. Na nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuwaambia wenzangu: mjomba anapoteza macho, na alikuwa na lazima ya zile feza ili aende kupimwa Bukavu. Alikuwa anataka dola 120.

Sasa nimesikiliza, nimepima, nimebadilika. Na ninaona vijana wengi wa ziwani huku, toka Kavimvira mpaka Kalundu na hata kule Baraka, wanatoa feza nyingi kwa gitaa zilizochoka kwa sababu ya neno moja tu: ya zamani. Wanasema mbao imekomaa, sauti imeiva, kama vile wanaongea juu ya ndizi.

Tuanze na Bosco mwenyewe, juu kila mtu anamleta kama shahidi. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, yule Muingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa njiani huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Bosco alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, umri wetu tukiwa tunamaliza lisansi. Wimbo "Masanga" ulirekodiwa wakati ule, ukatoka kwenye santuri za kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ukatembea bara zima. Aliimba Kiswahili cha Katanga, na mtu wa Uvira anaelewa bila mkalimani.

Vaa ekuteri usikilize vizuri. Vidole viwili tu vinafanya kazi, gumba na kile cha pili. Gumba linatembea chini kama mtu anayejua njia ya nyumbani hata usiku. Kidole kingine kinacheza juu, kinachelewa kidogo, kinakimbia, kinarudi. Nyuzi ni za chuma, unasikia ukali wake. Lakini sikiliza sauti yenyewe sasa, achana na ufundi: iko nyembamba. Nyuzi nene zinasema "du" kisha zinakufa, hakuna mkia mrefu, hakuna ule unene ambao leo tunalipa feza ili tuupate. Kila kitu kiko karibu sana, kama Bosco amekaa kwenye kiti cha pembeni yako.

Jiulize basi, gitaa ile ilikuwa na miaka mingapi? Katika miji ya migodi ya Katanga gitaa zilienea kwa watu wa kawaida karibu na miaka ya vita ya pili ya dunia. Kijana wa 1952 hakuwa na gitaa aliyorithi kwa babu yake. Kile sisi tunaita sauti ya zamani, siku ile kilikuwa kitu cha kisasa kabisa, sawa na simu mpya mkononi mwa mtoto wa leo. Umri ambao tunausikia ni umri wa mashine. Tracey alikuwa na desturi ya kushika mikrofoni moja mkononi, karibu na chombo, na kila kitu kiliingia kwa njia moja tu, bila kushoto wala kulia. Kisha santuri za wakati ule zilikata sauti za chini sana na za juu sana. Ukimpa Tracey gitaa iliyotoka kiwandani jana, na mikrofoni ileile na santuri ileile, utapata "zamani" yako yote.

Kuna ushahidi mwingine. Mwaka wa 1988, miaka miwili mbele ya kifo chake, Bosco alirekodi tena huko Afrika Kusini, katika studio ya kweli, na baadhi ya nyimbo zilikuwa za ujana wake. Gitaa pale inasikika pana na safi, kila uzi peke yake. Kwa kipimo cha fundi wa sauti ni kazi nzuri kuliko ya 1952. Mimi bado napenda ya 1952, na nimejiuliza kwa nini. Jibu langu ni kwamba mwaka wa 1952 kuna kijana anayetaka mji mzima usimame umusikie. Mwaka wa 1988 kuna mzee anayekumbuka. Hiyo haiko mambo ya mbao.

Watu waliomfuata Bosco kwa makini walijua hivyo. David Rycroft, tangu 1961, aliandika nota moja moja za gitaa yake katika jarida la African Music. Mwingereza John Low alisafiri mpaka Zaire mwaka wa 1979 kujifunza kwa Bosco, Losta Abelo na Edouard Masengo, akaandika kitabu kinaitwa Shaba Diary. Wote wawili walikuwa wanatafuta vidole.

Nasimulia na hii, juu inanichekesha. Ndugu zetu wa Tanzania gitaa kavu wanaiita galatoni. Neno linatoka kwa Gallotone, gitaa za bei ndogo zilizouzwa na ileile kampuni ya Gallo. Moja ya aina ile ilifika mpaka Liverpool, mikononi mwa mtoto wa shule anaitwa John Lennon. Alikuwa anaipiga siku alipokutana na Paul McCartney, Julai 1957. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya kuahidi kwamba haitapasuka. Mwaka wa 1999 iliuzwa London kwa mnada, paundi 155,500. Hakuna mtu aliyetoa zile feza kwa ajili ya sauti! Walinunua historia, na ni haki yao. Lakini historia haiingii kwenye mikrofoni.

Sasa nisikilizwe vizuri, sisemi kwamba mbao haibadiliki. Inabadilika. Ubao mzima wa mbele, hasa wa sprusi, ule mti wa nchi za baridi, ukikaa miaka mingi unapoteza sehemu ya vitu vilivyomo ndani yake, unakuwa mwepesi kidogo, unakunywa unyevu kidogo kuliko mwanzo. Ubao mwepesi unashtuka haraka ukiguswa. Hiyo ni kweli. Tatizo ni kwamba kitu kingine kinabadilika pamoja nao. Nyuzi sita za chuma zikikazwa kawaida zinavuta karibu kilo 70. Fikiria mtu mzima ananing'inia juu ya gitaa, mchana na usiku, miaka hamsini. Shingo inainama mbele, daraja linaanza kunyanyuka, tumbo linavimba nyuma ya daraja. Nyuzi zinakwenda mbali na shingo, na ili uzifikie lazima ubonyeze kwa nguvu, na ukibonyeza kwa nguvu uzi unavutika na sauti inapanda. Nyumbani, mbele ya wageni, hakuna atakayejua. Mikrofoni inajua.

Na sisi tuko ziwani. Toka Oktoba mpaka Mei ni mvua na unyevu, kisha kiangazi kinakuja na upepo na vumbi. Ubao mzima unavimba na kusinyaa, unavimba na kusinyaa, mwisho unapasuka. Gitaa nyingi mpya za bei yetu zimetengenezwa na tripleksi, tabaka za mbao zilizogandishwa pamoja, na wenye kujua wanaidharau tripleksi. Kweli haiimbi sana kama ubao mzima. Lakini katika nyumba ya mabati ya Mulongwe inabaki vile ilivyo. Ukitaka kujua unanunua nini, angalia ukingo wa lile tundu la katikati: mistari ya mbao ikiendelea toka juu mpaka ndani, ni ubao mzima, ukiona tabaka, ni tripleksi, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake.

Mambo ya kusikiliza bila kuona yamefanywa na watu wenye vyombo vya bei ya kutisha. Mwaka wa 2010 huko Indianapolis, Marekani, mtafiti Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapiga violini 21 violini sita wajaribu, macho yao yakifichwa. Tatu zilikuwa mpya. Tatu zilikuwa za miaka mamia, mbili za Stradivari na moja ya Guarneri. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Kwa gitaa, watafiti wa Uingereza walitangaza mwaka wa 2018 jaribio la gitaa sita za umbo moja zenye mbao mbalimbali za mgongo na mbavu, mbao za bei ghali na za bei ndogo. Wapigaji 52 walizijaribu bila kuona vizuri, na alama walizozipa zilikaribiana sana.

Nikasema basi na sisi tujaribu. Tuliazima gitaa mpya kwa mtu wa kwaya, aliyoinunua dola 95 Bujumbura, tripleksi tupu. Gitaa ya mjomba nikaenda kuichukua mwenyewe. Inaning'inia kwenye boriti ya sebule, na ndivyo ilivyopona Aprili 2020 wakati Mulongwe ilifurika na kuingia nyumbani mpaka kifuani. Viti viliondoka, redio iliondoka, gitaa ikabaki inaangalia maji toka juu. Mjomba alinipa akisema, "Mwanangu, usiikaze sana. Iko mzee kama mimi."

Kwanza tuliweka nyuzi mpya kwenye gitaa zote mbili, aina moja. Pale pale nilipata somo la kwanza: nusu ya "uzamani" ya gitaa ya mjomba iliondoka na zile nyuzi zenye kutu! Kumbe tulikuwa tunasifu kutu. Kisha mikrofoni, kama sentimita 30 mbele ya pale shingo inapokutana na tumbo, siyo mbele ya tundu, juu pale sauti inavuma kama pipa. Wimbo mmoja, mkono mmoja, gitaa mbili. Kwenye laptopu tukasawazisha nguvu ya sauti, sababu sikio la mtu linapenda kile chenye kelele zaidi na kuita hiyo uzuri.

Tuliwaita watu wanane, tukawageuza mgongo. Kwa wimbo wa kupiga akodi, ule wa kucheza, saba walichagua mpya bila kufikiri. Gitaa ya mjomba ilikuwa inakwenda vizuri mpaka mkono unapanda kwenye kipingo cha tano, kisha inaanza kuimba wimbo wake yenyewe. Kwa wimbo wa pole, wa gumba na kidole cha pili, watano walichagua ya zamani. Nilisikiliza tena peke yangu usiku, na walikuwa na haki: ilikuwa na kitu katikati ya sauti, kama koo la mtu, ambacho ile ya tripleksi haina. Tulikuwa tumeilegeza sauti mbili chini juu ya daraja lake. Nadhani na hiyo ilisaidia.

Kesho yake nilimpelekea mjomba simu asikilize. Yeye hakuna lazima ya kumgeuza mgongo. Nikaweka ya kwanza, nikaweka ya pili, zote za ule wimbo wa kucheza. Alinyoosha kidole.

"Hii njo yangu. Nilikuambia, iko na sauti."

Ilikuwa gitaa ya kwaya, ya dola 95, ya mwaka jana.

Sikumwambia. Labda nilikosea, sijui. Mtu ambaye ameketi na gitaa moja tangu 1968 aliitika kwa furaha sauti ya gitaa nyingine, na mimi nilibaki pale na simu mkononi nikijua kwamba sasa siwezi tena kuwashawishi wenzangu watoe dola 120. Kwa sababu ya macho yake ningeweza kuwadanganya. Nilikuwa karibu kufanya hivyo.

Lakini ugomvi wangu wa kweli hauko na wapenda zamani tu. Sikiliza nyimbo za gitaa kavu zinazotoka katika mji wetu miaka hii, za kwaya na za wasanii, na uniambie kama unasikia mbao yoyote, nzee ao changa. Wanachukua gitaa yenye kidude cha kunasa sauti chini ya daraja, wanachomeka waya moja kwa moja kwenye mashine, wanamaliza kwa saa moja. Inatoka sauti ya mbu ndani ya mkebe. Kisha juu yake wanamwaga mwangwi, unafikiri mtu anaimba ndani ya kanisa kubwa la mawe na huku amekaa kwenye kichumba cha mita tatu. Mtu ametafuta gitaa ya zamani mwaka mzima, amelipa dola 200, kisha anaichomeka waya! Ni afadhali tripleksi mbele ya mikrofoni kuliko mti wa thamani kwenye waya. Kwa wanaoanza, feza ya kwanza iende kwa mikrofoni na nyuzi mpya, ya pili kwa gitaa yenye shingo iliyonyooka na vipingo visivyolika. Umri ukuje mwisho, kama feza imebaki. Kwetu haibaki.

Na gitaa mpya nayo isinunuliwe na macho. Kuna zile zinazong'aa kama gari la harusi, funguo zake hazishiki, unakaza asubuhi, mchana imelegea. Nilijaribu gitaa tano siku ile Bujumbura, na nne nilizirudisha ukutani. Unapiga kila uzi kwenye kila kipingo, pole pole, ukisikia mtetemo mbaya unaiacha. Unapiga uzi wazi, kisha uleule kwenye kipingo cha kumi na mbili. Kama haviitikani, iache hata kama ni nzuri ya kuangalia. Muuzaji alichoka na mimi, akaniuliza kama niko mwalimu.

Tulinunua ya dola 90. Nyuzi, dola 12. Zilibaki 48, na hapo niliwaambia wenzangu ukweli wote juu ya macho ya mjomba. Tulikubaliana tukodi gitaa yake dola 30 kwa ule wimbo mmoja wa pole, ambapo masikio ya watu watano na ya kwangu yaliichagua kwa haki. Dola 30 haifikishi mtu Bukavu na kurudi na kumlipa daktari, najua. Familia inakusanya. Shangazi ameuza mbuzi mmoja, na mimi nimeahidi mwezi wangu wa kwanza wa masomo ya nyumbani ninayofundisha.

Nyimbo tano zimekwisha. Ninazisikiliza na ninaona makosa yetu, lakini ni makosa ya vidole vyetu na ya sauti ya mimi mwenyewe ninayeimba chini ya noti kwenye wimbo wa tatu. Gitaa haina hatia. Ule wa sita tuliurekodi usiku, gitaa ya mjomba imelegezwa sauti mbili, na tulikuwa tumefika ubeti wa mwisho wakati mvua ilianguka juu ya mabati. Lazima turudie. Kijana wa Kimanga anasema tungoje Juni, kiangazi kikianza. Nimelegeza nyuzi zote na kuirudisha kwenye boriti yake, juu ya alama ambayo maji ya 2020 yaliacha ukutani.